Kuhamia Tabora na Viunga Vyake: Muongozo kwa Familia za Unguja na Pemba

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Masahaba zake. Ama baad.

Tumekuwa tukipokea masuala kutoka kwa familia ambazo mmoja wao amepangiwa kazi, ameolewa, amepata chuo au amefungua biashara katika mkoa wa Tabora. Wengine wanapelekwa mjini, wengine wilayani Uyui, na wengine mbali zaidi kama Choma, ambayo wenyeji huiita Choma cha Nkola, katika wilaya ya Igunga. Takriban wote huuliza mambo mawili: tukae mtaa gani, na sharia inasemaje juu ya mambo yatakayotukabili huko? Tumeona bora tuyakusanye majibu mahali pamoja, ili kila familia ichukue linaloihusu.

Makaazi si jambo dogo katika dini yetu. Mtume (S.A.W.) ameitaja nyumba yenye nafasi na jirani mwema miongoni mwa mambo ya furaha ya mtu hapa duniani, na akataja kinyume chake katika mambo ya mashaka. Anayechagua nyumba anawachagulia watoto wake marafiki, msikiti, skuli na tabia. Jambo hilo linastahiki shura ya mume na mke, uchunguzi, kisha istikhara.

MJI WENYEWE KWA UFUPI

Tabora iko kwenye uwanda wa juu wa magharibi ya Tanzania, kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 226,999 katika Manispaa, na ile ya 2022 ikakuta wamepindukia laki tatu. Si jiji kubwa, lakini si kijiji. Una hospitali ya rufaa ya mkoa (Kitete), uwanja wa ndege, vyuo kadhaa kikiwemo cha ualimu na cha ufugaji nyuki, na stesheni ambapo reli ya kati hugawika: tawi moja huenda Kigoma, jengine Mwanza. Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912.

Kabla ya reli palikuwa na misafara. Katika karne ya 19, njia iliyotoka Bagamoyo ilipita hapa, nchi ya Unyanyembe, kabla ya kuendelea Ujiji. Wafanyabiashara kutoka Unguja na Oman walijenga makaazi yao Kazeh, ndani ya eneo ambalo leo ni Tabora. Burton na Speke walipofika mwaka 1857 walipokelewa na mfanyabiashara Snay bin Amir. Hapo Kwihara, nje kidogo ya mji, bado lipo tembe lililowahi kukaliwa na Livingstone na Stanley. Miembe ambayo msomaji ataiona mjini na kwenye njia za zamani inahusishwa na safari hizo.

Tunaitaja historia hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, ndiyo inayoeleza kwa nini Uislamu una mizizi mirefu katika mitaa ya kati, pamoja na Kiswahili, madrasa, maulidi na tarika ya Qadiriyya. Ya pili ni ya adabu. Misafara ile ilibeba pembe za ndovu na nguo, na ilibeba pia watumwa. Wanyamwezi walikuwa wapagazi na wafanyabiashara wakubwa wa njia ile, na ndio wenye nchi. Mzanzibari anayehamia leo aende kwa unyenyekevu, wala asidhani kwamba pwani ndiyo iliyowafundisha watu wote ustaarabu. Heshima kwa mwenyeji ni mlango wa kwanza wa ujirani.

MAMBO SITA YA KUTAZAMA KABLA YA KUCHAGUA MTAA

1. Msikiti na madrasa. Tafuta nyumba ambayo adhana inasikika bila kipaza sauti kikubwa, na ambapo mtoto anaweza kwenda madrasa kwa miguu na kurudi kabla ya Magharibi. Katika kisiwa chetu jambo hili halitafutwi, kwani kila mtaa una msikiti. Bara ni tofauti. Unaweza kupata nyumba nzuri, kubwa na rahisi, kumbe msikiti wa karibu ni mwendo wa bodaboda. Mwaka wa kwanza utajitahidi, wa pili utachoka, wa tatu watoto hawatojua tena kwamba Ijumaa ni siku tofauti.

2. Maji. Kwa miaka mingi mji ulitegemea bwawa la Igombe, na sasa umeunganishwa na maji ya Ziwa Victoria. Hata hivyo hali haiwi sawa kila mtaa, na viunga vipya vinaweza kuwa mbali na bomba. Usimuulize dalali peke yake. Waulize majirani wawili: maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, na kiangazi cha Septemba na Oktoba mnafanyaje?

3. Malaria. Hili tunaomba lisomwe kwa makini na kila mzazi. Visiwani malaria imepungua sana, na watoto wetu wengi wamekua bila kuugua hata mara moja. Tabora ni kinyume. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2022 uliukuta mkoa huu juu kabisa nchini, kiasi cha asilimia 23 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 waliopimwa. Mtoto asiyewahi kuugua hana kinga ya mazoea, na homa yake inaweza kugeuka kali kwa haraka. Kwa hiyo epuka nyumba iliyo karibu na majaruba ya mpunga au mabonde yanayotuama maji, hakikisha madirisha yana nyavu, lala ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza, na ujue kituo cha afya kilicho karibu kabla ya kufungua mizigo. Homa ya mtoto isingojee asubuhi. Kuilinda nafsi ni katika makusudio makubwa ya sharia, na tawakkul huja baada ya kufunga ngamia.

4. Skuli. Uliza kuhusu umbali, idadi ya wanafunzi darasani, hijabu, na kama kuna nafasi ya Swala ya Adhuhuri. Uliza pia kama kuna mwalimu wa somo la dini ya Kiislamu, kwani skuli nyengine hazina, na wazazi hulazimika kujipanga wenyewe.

5. Sitara ya nyumba. Nyumba nyingi za kupanga (sisi tunasema kukodi) ni vyumba vinavyotazamana, uani mmoja, choo kimoja na bomba moja. Kwa kijana asiyeoa si tatizo kubwa. Kwa mwenye familia ni suala la kisharia, na tutalieleza hapa chini.

6. Gharama kamili. Kodi ni sehemu tu ya hesabu. Ongeza nauli ya bodaboda au bajaji kila siku, maji ya kununua, na mlinzi kama nyumba iko peke yake. Mara nyengine nyumba ya mjini yenye kodi kubwa huwa rahisi mwisho wa mwezi kuliko ya pembeni.

MITAA YA KATI, VIUNGA, AU CHOMA?

Mitaa ya kati. Humu zimo kata kama Gongoni, Kanyenye, Mtendeni, Chemchem na Ng'ambo, jina ambalo msomaji wa Unguja halitompa tabu. Faida yake ni misikiti, madrasa, soko, stesheni na jamii ya Waislamu wa muda mrefu. Bi mkubwa aliyezoea kubisha hodi kwa jirani na kuazima kawa hatojihisi yuko ugenini. Upungufu wake ni msongamano, nyumba za zamani, vyoo vya pamoja na kelele. Tunaishauri sehemu hii kwa familia mpya, hasa ambayo mume atakuwa safarini mara kwa mara na mke atabaki na watoto.

Viunga vinavyokua. Kata kama Ipuli, Malolo na Kiloleni zinawafaa wenye kutaka nyumba ya peke yao, ukuta na uwanja wa kupanda mboga. Hapa chunguza zaidi maji, barabara wakati wa mvua za Novemba hadi Aprili, na msikiti. Kama wapo Waislamu wachache tu, jiulize kama uko tayari kuwa miongoni mwa watakaoanzisha madrasa ya barazani. Hiyo ni ibada kubwa, lakini aingie anayejua anachokibeba.

Pembezoni. Tumbi, Itetemia, Misha na maeneo kama hayo yana sura ya shamba ingawa yamo ndani ya Manispaa. Yanamfaa mwenye kazi huko huko, kwa mfano kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Tumbi, au mwenye nia ya kulima na kufuga nyuki. Mtumishi wa wilaya ya Uyui naye atazame kwanza Isikizya, yalipo makao makuu ya wilaya kwenye barabara ya Nzega, kisha alinganishe na kukaa mjini.

Choma. Aliyepangiwa Choma asidanganyike na neno "Tabora" lililomo kwenye barua yake. Choma iko mkoa wa Tabora lakini wilaya ya Igunga, na si masafa ya kwenda kazini asubuhi na kurudi mjini jioni. Mwenye kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya Singida na Nzega huipita Igunga kabla hata hajaukaribia mji wa Tabora. Kwa hiyo ana njia mbili: ahamie Choma na familia yake, au aiache familia mjini na awe anawafuata.

Rai yetu ni kwamba asili ni familia kukaa pamoja. Mume kuwa mbali na mkewe wiki baada ya wiki, katika mji ambao wote wawili hawana jamaa, ni mlango wa fitna kwa pande zote mbili, na watoto hukosa malezi ya baba. Mume atangulie peke yake, mwezi mmoja au miwili, atazame nyumba, maji, skuli, tiba na Waislamu wenziwe. Akiona pana uhai wa dini na wa dunia, awachukue. Ikiwa kuna dharura ya kweli, kama mtoto mwenye maradhi yanayohitaji hospitali kubwa au mke anayesoma chuo, familia ibaki Tabora mjini, mitaa ya kati, na pawekwe muda maalumu wa hali hiyo, kwani isiyo na muda hugeuka kuwa desturi.

HUKUMU ZINAZOULIZWA ZAIDI

Mke akikataa kuhama. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya watu wetu wengi, mume ana haki ya kuhama na mkewe iwapo njia ni ya amani, mahali panakaa watu na anamtimizia maskani inayomstahiki. Ikiwa mke alishurutisha wakati wa akdi kwamba asitolewe kisiwani, Mashafi wanaona ndoa ni sahihi na sharti halimlazimu mume. Mahanbali wanaona sharti linafaa, na likivunjwa mke ana haki ya kudai kuvunjwa ndoa. Ushauri wetu kwa waume ni huu: hata pale sharia inapokupa haki, ahadi ya Muislamu ina uzito. Uliyeahidi, kaa na mkeo na wazee wake mridhiane, usimkokote.

Nyumba ya uani mmoja na wanaume wasio maharimu. Haki ya mke ni maskani ambayo nafsi yake na mali yake viko katika amani, na inayolingana na hali yao. Chumba ambacho lazima avuke uani mbele ya wanaume wageni kila akienda chooni hakitimizi haki hiyo kwa mwenye uwezo wa zaidi. Asiye na uwezo atafute angalau nyumba ambayo wapangaji wote ni familia, wawekeane zamu na stara, na aharakishe kuhama Allah akimfungulia.

Nyakati za Swala na futari. Tabora iko magharibi ya Unguja kwa zaidi ya digrii sita, hivyo jua huchwa huko kiasi cha dakika 25 baadaye. Jua likichwa Unguja saa 12:20, Tabora ni takriban saa 12:45. Anayefuturu kwa adhana ya redio ya Zanzibar au ya Dar es Salaam amekula mchana, na atalazimika kuilipa siku hiyo. Kadhalika anayeswali Alfajiri kwa adhana hiyo ameswali kabla ya wakati, na Swala yake haikusihi. Fuata adhana ya msikiti wa mtaani kwako, na ubadilishe mji katika programu ya simu yako.

Kibla. Unguja tunaelekea kaskazini takriban sawasawa. Tabora kibla ni kaskazini kwa kuelemea mashariki, kiasi cha digrii 14. Fuata mihrabu ya msikiti wa hapo.

Kupunguza Swala. Aliyehamia ni mkaazi, anaswali kamili. Aliyekwenda kutafuta nyumba, akanuia kukaa siku nne kamili bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, naye anaswali kamili tangu anapofika. Anayefanya kazi Choma na familia yake iko Tabora anaswali kamili katika miji yote miwili, na anaweza kupunguza njiani, kwani masafa yanapindukia marhala mbili, ambazo wanazuoni wa leo huzikadiria kilomita 80 na kitu.

Kodi ya miezi sita au mwaka. Kulipa kabla kunajuzu, almuradi muda na bei vinajulikana. Andikeni mkataba na muweke mashahidi, kama Qur-ani inavyotufundisha katika Suratul Baqara juu ya madeni. Muandike nani anatengeneza paa likivuja, na nini kinafuata mpangaji akiondoka kabla ya muda, kwani hapo ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Ujira wa dalali, ambao mara nyingi ni kodi ya mwezi mmoja, ni halali ikiwa umekubaliwa mwanzo na hakuficha aibu ya nyumba.

Kununua kiwanja. Mzanzibari ni raia wa Tanzania na ana haki ya kumiliki ardhi Bara. Sheria za huko ni ya Ardhi namba 4 na ya Ardhi ya Vijiji namba 5, zote za mwaka 1999. Ardhi ni mali ya umma, na mtu hupewa haki ya kuikalia, yenye hati isiyozidi miaka 99. Ardhi ya kijiji ina utaratibu wake, hupitia Halmashauri ya Kijiji na mkutano wa wanakijiji. Usitoe pesa kwa karatasi ya mkono peke yake. Nenda ofisi ya ardhi ya Manispaa uhakikishe ramani na jina, na uwashirikishe majirani wa mipaka yote minne. Anayeuza kiwanja kimoja kwa watu wawili amekula haramu. Na mnunuzi aliyejua kwamba kimeshauzwa, akanunua, ni mshirika wake.

Mkopo wa kujenga. Mkopo wa riba haujuzu, na haja ya kumiliki nyumba haiufanyi dharura maadamu nyumba za kupanga zipo. Zipo taasisi zinazofuata taratibu za Kiislamu, ya mwanzo kamili ikiwa ni Amana Bank iliyofunguliwa mwaka 2011. Usome mkataba wenyewe wala usitosheke na jina.

MAMLAKA NI TOFAUTI NA KWETU

Hakuna sheha. Ukifika, ripoti kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wake, na umjue mjumbe. Beba kitambulisho cha Taifa, kwani cha Mzanzibari Mkaazi hakitokutosha kwa mambo mengi ya huko.

Hakuna pia Mahakama ya Kadhi ya serikali kama tuliyonayo visiwani. BAKWATA ina makadhi wake kwa usuluhishi na nasaha, lakini ndoa na talaka zinatawaliwa na Sheria ya Ndoa ya 1971, na mirathi ya Muislamu hufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo. Kwa hiyo mwenye mali huko aandike wasia mbele ya mashahidi, aeleze wazi kwamba mirathi yake igawiwe kwa sharia ya Kiislamu, aorodheshe madeni na amana, na nakala moja abaki nayo jamaa visiwani. Tumeona wajane wakitaabika kwa miaka kwa sababu hati ilikuwa kwa mtu mmoja na habari kwa mwengine.

NENO LA MWISHO

Kama msomaji atabaki na jambo moja tu, basi liwe hili: tanguliza msikiti na jirani, kisha maji na afya, halafu ndio uzuri wa nyumba. Jirani huyo, awe Muislamu au Mkristo, Mnyamwezi au Msukuma, ana haki juu yako. Jibrili (A.S.) alimuusia sana Mtume wetu (S.A.W.) juu ya jirani, hata akadhani atapewa fungu katika mirathi. Ukipika pilau ya Idi, sahani ya kwanza iende kwake. Siku ambayo mtoto wako ataamka na homa usiku wa manane na baba yake yuko Choma, yeye ndiye atakayefungua mlango.

Tunamuomba Allah awafungulie kheri wote wanaohama kwa kutafuta halali, awahifadhie dini yao na watoto wao, na awajaalie majirani wema.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.